Kedowa na msitu wa Mau: safari ya wanyama kwa mtu wa Pwani

Sisi watu wa Pwani tumekuwa wauzaji wa safari kwa muda mrefu kuliko tulivyokuwa wasafiri. Kijana wa ufukweni Diani au Watamu atakutajia bei ya siku mbili za Tsavo kwa Kijerumani na kwa Kiitaliano, lakini muulize yeye aliingia Tsavo lini, atacheka. Dereva wa gari la watalii amemwona simba mara mia. Mkewe na watoto wake wamemwona kwenye televisheni. Safari ya wanyama kwetu imekuwa ni kazi ya kuwapeleka wengine.

Makala haya ni ya yule anayetaka kwenda mwenyewe, pamoja na jamaa zake. Na nimechagua mahali ambapo hapamo katika mabango ya hoteli: Kedowa, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Hakuna simba Kedowa, wala hakuna geti la hifadhi lenye askari na tiketi. Nimepachagua kwa sababu nyengine. Ukitaka kujua kwa nini nyumbu wa Mara wanapata mto wa kuvuka, au ndege wa Ziwa Nakuru wanapata maji, huna budi upande juu ulipo msitu wa Mau. Na ukishapanda utaliona jambo la pili, ambalo ndilo linalonifanya niandike: maji huteremka kwenda kwa watalii, lakini pesa za watalii hazipandi kuja kwa wanaokaa karibu na chemchemi.

Kedowa iko wapi?

Kedowa ni mji mdogo wa kando ya barabara katika Kaunti ya Kericho, eneo bunge la Kipkelion Mashariki. Uko kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho, ukishapita Londiani Junction na kabla hujafika Chepseon. Wenyeji wengi ni Wakipsigis, mojawapo ya jamii za Wakalenjin. Wanalima viazi, mahindi na kabeji, na wanafuga ng'ombe wa maziwa. Ukizidi kuteremka kuelekea Kericho mjini ndipo chai inapoanza kutawala, kilima baada ya kilima, kijani kimoja kilichokatwa sawasawa kama zulia.

Mahali hapa ni juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa mtu aliyezaliwa Kisauni au Lamu hilo si jambo dogo. Siku ya kwanza utapanda mlima mdogo na kuhema kama uliyebeba gunia. Usiogope, ni hewa nyepesi. Pumzika, kunywa maji, mwili utazoea.

Tena Kedowa haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita pande hizi. Ilipanda Mau, ikateremka kwa Londiani, Lumbwa (ambayo sasa ni Kipkelion) na Fort Ternan, hadi ikafika Kisumu Desemba 1901. Na chai inayochumwa huku huishia kwetu, nitaeleza mbele.

Namna ya kufika

Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Usijaribu kuimaliza kwa siku moja ikiwa una watoto au wazee. Njia niipendayo ni treni ya SGR kutoka Miritini, ambayo imekuwa ikibeba abiria tangu mwaka 2017. Faida yake ni kwamba inapita Tsavo mchana, na tuta la reli liko juu. Kaa dirishani kuanzia Voi. Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa sababu ya kujipaka vumbi la udongo wa kule, na mara nyingi utawaona bila ya kulipa hata shilingi ya kiingilio.

Lala Nairobi au Nakuru. Asubuhi panda gari la Kericho. Litapita Naivasha na Nakuru, litapanda hadi Mau Summit ambapo barabara inagawanyika: kulia ni Eldoret, kushoto ni Kericho. Shika kushoto. Utapita Londiani Junction, na kisha Kedowa.

Hapa nitasema neno zito kidogo. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction likavamia magari, wachuuzi na wahudumu wa bodaboda waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Mola awarehemu. Barabara ile ina mteremko mrefu, ina malori ya kwenda Uganda na Kisumu, na ukungu hushuka bila ya hodi. Kwa hiyo safiri mchana. Usimhimize dereva. Na ukisimama kununua viazi au karoti, simama mbali na lami.

Msitu wa Mau ni nini hasa?

Watu husema "msitu wa Mau" kana kwamba ni msitu mmoja. Ni mkusanyiko wa misitu mingi, wenye ukubwa wa takriban hekta 400,000, uliotapakaa katika kaunti kadhaa: Kericho, Bomet, Nakuru, Narok na nyenginezo. Ndio msitu wa milimani mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na ni mmoja wa vyanzo vitano vikuu vya maji vya Kenya, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Mlima Elgon na Cherangani.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Mvua ikinyesha juu ya miti haishuki kwa kishindo. Majani huipokea, mizizi na udongo laini huinyonya, kisha huiachia kidogo kidogo kwa miezi mingi. Ndiyo maana mito inayotoka humu hutiririka hata wakati wa kiangazi. Ukata miti, mvua ile ile itashuka kwa siku moja: mafuriko Aprili, mto mkavu Februari.

Ifuate mito hiyo mmoja mmoja. Nyangores na Amala huanzia Mau. Nyangores hupita Bomet mjini, na huku juu huporomoka kwenye maporomoko ya Tenwek. Mito hii miwili ikikutana ndipo unapopatikana mto Mara, ule ambao nyumbu huuvuka kati ya Julai na Oktoba huku dunia nzima ikipiga picha. Mto Njoro huteremka Ziwa Nakuru. Mto Molo huenda Ziwa Baringo. Sondu huzungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu kabla ya kumwagika Ziwa Victoria.

Na maji ya Kedowa yenyewe? Hayaendi Mara. Sehemu hii ya Londiani na Kipkelion inamwaga maji yake mto Nyando, unaopita nyanda za Kano karibu na Ahero. Ukisikia kwenye habari kwamba Nyando umevunja kingo na watu wamehamia shuleni, kumbuka kwamba kuna vilima juu yake, na kwamba hali ya miti ya vilima hivyo ni sehemu ya habari hiyo.

Wanyama wa kutazamia

Safari ya msituni si kama ya mbugani. Mbugani unakaa garini na mnyama yuko wazi. Msituni unatembea kwa miguu, unanyamaza, unatazama juu, na mara nyingi unasikia kabla ya kuona. Anayetaka kuhesabu "wakubwa watano" atachoka. Anayependa kutulia atafurahi.

Wa kwanza ni mbega. Msomaji wa Kwale atasema, huyu namjua, yuko Diani. Kweli, lakini ni binamu. Wa Diani ni mbega wa Angola, na ndio wale waliotundikiwa madaraja ya kamba juu ya barabara na shirika la Colobus Conservation ili wasigongwe na magari. Wa huku juu ana joho refu jeupe linaloning'inia ubavuni na mkia wenye shungi jeupe kama usinga wa mzee. Wote wawili hawana dole gumba, wote hula zaidi majani, na watoto wao huzaliwa weupe pe. Mahali rahisi pa kuwaona ni Chagaik, bustani ya miti iliyo nje kidogo ya Kericho upande wa barabara ya Nakuru. Ilianzishwa mwaka 1946 na mkulima mmoja wa chai Mwingereza, na ina bwawa na miti mikubwa ambayo mbega wameifanya nyumba.

Wa pili ni kima, na ndege wa msituni. Utamsikia hondohondo kabla ya kumwona. Mbawa zake zinavuma kama mtu anayepepea mkeka. Yuko ndege mmoja wa kijani ambaye akitua ni kama jani, akiruka unaona mbawa nyekundu kama damu. Mabondeni penye majimaji, mtazame korongo mwenye taji la dhahabu kichwani. Huyu yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini, kwa sababu vinamasi vyake vinakaushwa kwa kilimo.

Ndovu wapo, lakini si Kedowa. Wako Mau ya Kusini Magharibi, upande wa Kericho na Bomet, na hugombana na wakulima wanapotoka nje usiku. Huko huko Mau wako chui na nguruwe mkubwa wa msituni. Na yuko bongo wa milimani, swala mkubwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye mistari myeupe mbavuni. Waliobaki porini duniani kote wanakadiriwa kuwa hawafiki 100, na wote wako Kenya: Mau, Aberdare na Mlima Kenya. Hutamwona. Mimi sikumwona, wala mwenyeji aliyenitembeza, ambaye amezaliwa huku. Lakini kujua kwamba yupo bonde la pili au la tatu kutoka hapo ulipo, hilo peke yake linabadilisha namna unavyokanyaga ardhi.

Wenye msitu

Huwezi kuandika juu ya wanyama wa Mau ukawaacha watu wa Mau. Waogiek wameishi humu kwa kuwinda na kurina asali tangu kabla ya serikali yoyote. Mizinga yao ya magogo hutundikwa juu ya miti, na kila ukoo unajua bonde lake. Walifukuzwa mara nyingi, wakati wa mkoloni na baada ya Uhuru, kwa hoja kwamba wanaharibu msitu.

Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao, na kwamba kuuhifadhi msitu si sababu ya kuwatoa. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo hiyo iliamuru walipwe fidia ya Sh157.85 milioni na wapewe hati ya ardhi ya pamoja. Hata baada ya hukumu hizo, Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena upande wa Narok.

Sasa tazama nani aliyeharibu msitu kweli. Mwaka 2001 serikali yenyewe iliondoa takriban hekta 60,000 za Mau kutoka katika ramani ya misitu na kuzigawa kwa makazi. Kikosi kazi kilichoundwa mwaka 2008 kiliripoti mwaka uliofuata kwamba robo nzima ya msitu ilikuwa imepotea katika muda wa miaka kama 15. Mrina asali hawezi kumaliza robo ya msitu kwa kisu na moshi.

Sisi tunalielewa hili. Wamijikenda walizilinda kaya kwa sababu ni zao, na mwaka 2008 UNESCO ilizitia katika Urithi wa Dunia kwa sababu miti bado ilikuwapo. Penye mwenyewe mti hukaa. Pasipo mwenyewe, kila mwenye shoka ni mwenyewe.

Chai: jirani wa msitu

Chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho ilianza miaka ya 1920, na ardhi ilichukuliwa kwa Wakipsigis. Madai ya ardhi hiyo hayajaisha mpaka leo, na mwenyeji atakueleza ukimpa nafasi. Mnamo Mei 2023, wakazi walichoma mashine za kuchuma chai, kwa sababu mashine moja huchukua kazi ya watu wengi. Kwa hiyo ukipita ukapiga picha katika zulia lile la kijani, pendezwa, lakini jua kwamba chini yake kuna kesi.

Chai ina kazi nyengine ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Nyayo Tea Zones: ukanda wa chai unaopandwa ukingoni mwa msitu ili uwe kama ukuta kati ya mashamba ya watu na miti. Mti wa chai hauwi kichaka cha kukatwa kuni, na wachumaji wanaopita kila siku ni macho ya bure. Ukitembea kando ya Mau utauona mpaka huo: huku safu za chai zilizonyooka, kule msitu mweusi unaosimama ghafla kama ukuta.

Na majani yale yakishakaushwa viwandani hupakiwa yakateremshwa Mombasa. Mnada wa chai ulianzia Nairobi mwaka 1956 ukahamia Mombasa mwaka 1969, na hapo huuzwa chai ya Kenya pamoja na ya nchi jirani. Bandari, maghala, madereva, makuli, madalali: wangapi kati yetu wanakula kupitia chai hiyo? Mvua inayoikuza inatokana na ule ule msitu. Kwa hiyo Mau ikifa, njaa yake itafika hadi Shimanzi.

Ratiba ya siku tatu

Siku ya kwanza: fika Kedowa mchana, pumzika, tembea mjini, nunua viazi na maziwa. Salamu ya huku ni "Chamgei". Ukiisema tu, nusu ya milango imefunguka.

Siku ya pili: toka alfajiri. Wanaoweza waende Londiani kupanda mlima wa Londiani, unaofikia karibu mita 3,000. Pitia kwanza kituo cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS, upate ruhusa na ulipe ada, na umchukue mtu wa kukuongoza kutoka chama cha jamii cha msitu. Vyama hivi vinatambuliwa na sheria ya misitu, na ndiyo njia ya halali ya mwenyeji kufaidika na msitu uliomzunguka. Usiingie peke yako: kuna nyati, na njia za ng'ombe huwapoteza hata wenyeji.

Wasioweza mlima, na wale wenye watoto, waende Fort Ternan. Hapo mwaka 1961, katika shamba la mkulima aliyeitwa Fred Wicker, Louis Leakey na wenzake walipata mabaki ya sokwe wa kale aliyepewa jina la Kenyapithecus wickeri, mwenye umri wa takriban miaka milioni 14. Eneo liko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Pamoja naye yalipatikana mabaki ya wanyama wengi wa zama zile, ishara kwamba bonde hili lilikuwa na wanyama wake kabla ya kuwa na jina.

Siku ya tatu: teremka Kericho, uwaone mbega Chagaik, kisha ufuate barabara ya Litein na Kaplong hadi Bomet. Hapo Nyangores utauona kwa macho. Mwenye nafasi na uwezo anaweza kuendelea kutoka Bomet kwenda Narok na Mara. Ukiingia Mara kwa njia hii, baada ya kuona maji yanakotoka, utaitazama kwa jicho jengine kabisa.

Kwa msafiri Muislamu

Kericho mjini kuna msikiti, na ndipo mahali bora pa kuuliza nyama ya halali. Vijijini usijisumbue wala usimsumbue mwenyeji: ugali, mboga, maharage, mayai, viazi na maziwa vinatosha. Utakaribishwa mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, ndiyo maana yana rangi ya kijivu. Hayana kilevi. Onja, ni heshima kwa mwenye nyumba.

Kibla: Mombasa tumezoea kuelekea karibu kaskazini kamili, kwa sababu Makka iko juu yetu karibu mstari mmoja. Kedowa iko magharibi zaidi, kwa hiyo elekea kaskazini ukiegemea mashariki kidogo. Na rukhsa ya msafiri kupunguza na kukusanya swala utaihitaji siku ya mlima. Chukua chupa ya maji ya udhu. Maji ya mto asubuhi ni barafu.

Dada zetu: buibui refu litaloa na kuchafuka msituni. Suruali pana chini, gauni la kufika magotini na mtandio uliofungwa vizuri vinasitiri na kukuacha utembee.

Hali ya hewa, mavazi na adabu

Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima, na ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Sababu ni upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria, ambao hupanda mchana, hukutana na hewa baridi ya milimani, na kufikia alasiri mawingu yamekwisha kufanyika. Kanuni ni moja: tembea asubuhi, alasiri uwe chini ya paa. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kidogo. Aprili na Mei ni matope.

Beba sweta zito, koti la mvua, viatu vyenye meno, soksi za akiba na kofia ya sufu. Kanga mbili hazitoshi, hata ukizikunja vipi.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki ya kutumiwa mara moja hairuhusiwi misituni, mbugani wala fukweni. Chupa yako ya maji iwe ya kujazwa tena. Usiwalishe kima, anayezoea ndizi ya mgeni leo, kesho ataingia jikoni kwa mwenyeji, naye atapigwa jiwe.

Pesa ziende wapi?

Tangu Julai 2024, mgeni wa kigeni hulipa dola 200 kwa siku kuingia Maasai Mara wakati wa msimu wa nyumbu. Sina ugomvi na hilo. Swali langu ni la mkulima wa viazi aliye ukingoni mwa Mau. Yeye anaambiwa asikate mti, asiingize ng'ombe, asichome mkaa. Ndovu akimla mahindi, avumilie. Anayoyafanya yanamhifadhia mtu mwengine mto, umbali wa kaunti mbili. Malipo yake ni nini?

Sisi wa Pwani tunalo la kujibu, kwa sababu kwetu limeshafanyika. Gede, pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua viluwiluwi vya vipepeo kutoka kwa wakulima tangu mwaka 1993, na kuviuza ng'ambo. Gazi, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanalinda mikoko na tangu mwaka 2013 wanauza hewa ya kaboni. Pesa zimekwenda kwenye maji ya bomba na shule. Katika sehemu zote mbili mti ulianza kuheshimiwa ulipoanza kulipa karo.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwako msafiri: mlipe mwongozaji wa kijijini, nunua asali kwa mwenye mzinga, lala kwa mwenyeji inapowezekana. Kwa wenzetu wa kampuni za safari za Mombasa, Diani na Malindi: mnapouza Mara, ongezeni siku moja ya Mau, ili mgeni aone mto unakoanzia na aache shilingi zake huko. Na kwa walimu wa shule na madrasa zetu: mtoto anayejua mikoko ya Tudor apelekwe aone msitu wa mvua, na mtoto wa Kedowa aalikwe aje aone bahari ambayo chai ya baba yake inaivuka.

Waliotutangulia walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kedowa mgeni bado hajaja. Anapita tu kwenye lami, dirisha limefungwa kwa baridi, akielekea Kisumu.